Sikio la Mzee Gaspari

Tunu Kobelo alisema neno moja tu, "Amka," na ukuta mzima wa studio ukaamka. Kinasio kikajipima, kikapima joto la chumba, kikaisikiliza mvua iliyokuwa ikipiga bati la jirani, kisha kikaifuta. Nje mvua iliendelea kumwagika juu ya mji wa Morogoro, maji yakitiririka kwenye kioo cha dirisha, lakini ndani hapakusikika hata tone.

Tunu alikuwa ameshazoea. Miaka hiyo kila studio ilikuwa na kinasio, programu iliyokaa ukutani, ikarekodi, ikapanga na kuhifadhi. Peke yake kinasio hakikuwa na ladha yoyote. Ladha ilitoka kwenye vionjo, yaani programu ndogo ndogo zilizochomekwa ndani yake, kila moja na kazi yake. Kimoja kilimfanya mwimbaji asikike kama yuko ndani ya kanisa la mawe. Kingine kilitia kilio kidogo mwishoni mwa kila neno, na watunzi wa nyimbo za mapenzi walikitumia mpaka wasikilizaji wakakoma. Kila kinasio kilipoamka kilivikagua vionjo vyake, na vilivyopita ukaguzi vilijipanga ukutani, kila kimoja kwa jina na rangi yake.

Juu ya vyote walikaa wafalme wenyewe, vionjo hai. Hivyo havikubuniwa na mtu kwenye meza. Vilinakiliwa kutoka kwenye masikio ya mafundi mashuhuri. Fundi alivishwa kofia ya usikivu, akasikilizishwa milio miezi mitatu, na mashine ikajifunza anachokipenda, kinachomkera, na anachokisikia ambacho wengine hawakisikii. Ukikiweka kionjo hai juu ya wimbo, kingeshusha gitaa na kupandisha ngoma vile vile ambavyo mwenyewe angefanya kama angekaa pale kitini.

Kilichopendwa kuliko vyote nchini kiliitwa Sikio la Gaspari. Nacho, asubuhi hiyo, hakikuwepo ukutani.

"Haiwezekani," Tunu alisema. "Leo? Katika siku zote, leo?"

Alikuwa na haki ya kuhamaki. Kwenye kinasio kulikuwa na wimbo wa Bi Kuruthumu, mwimbaji wa dansi ambaye nusu ya mji ilioana kwa nyimbo zake. Bi Kuruthumu alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, na kesho asubuhi madaktari wangemkata koo ili wamwokoe. Walikuwa wamemwambia bila kumficha kwamba ataamka hai, lakini hataimba tena, na huenda asiseme. Wimbo ule aliurekodi akiwa tayari anaumwa, akipumzika kila baada ya ubeti. Alipomaliza alimshika Tunu mkono.

"Mwanangu, Gaspari amesikiliza kila wimbo wangu kabla haujatoka. Na huu asikilize. Kisha uniletee niusikie kabla hawajanikata."

Tunu aliahidi bila kufikiri mara mbili. Albamu mbili za mwisho za mama huyo zilipita kwenye Sikio la Gaspari, zikatoka safi. Aliona ni kazi ya dakika chache.

Sasa akaanza kufanya yale ambayo kila fundi hufanya. Akatazama kama kionjo kimo kwenye folda yake, kimo. Akakiamuru kinasio kikague upya. Kikakagua, na ukuta ukarudi vile vile, na pengo lake. Akazima na kuwasha, dawa ya wavivu ambayo huponya magonjwa mengi kuliko wasomi wanavyopenda kukiri. Hakuna kitu. Akakifuta, akakipakua tena kutoka kwa kampuni iliyokitengeneza, akakichomeka upya. Kwa hasira akakinakili hata kwenye folda zisizohusika, kosa lile lile ambalo huwakataza wanafunzi wake kila muhula, na kinasio kikamlalamikia kwamba sasa ana nakala tano za kitu kisichoonekana.

"Kinasio," alisema hatimaye, "Sikio la Gaspari limeharibika?"

"Halijaharibika," kinasio kilijibu kwa ile sauti yake ya karani mwenye adabu. "Limefichwa. Kionjo hai hulinganishwa na mwenyewe kila mwaka. Mwenyewe huvaa kofia, hupimwa, na kionjo hufuata masikio yake. Mwenye kionjo hiki amekosa vipimo viwili mfululizo. Kitaonekana atakapopimwa, au atakapojitoa."

"Kujitoa ndiyo nini?"

"Ni kukiachia kampuni moja kwa moja. Hakitalinganishwa naye tena."

Tunu akashusha pumzi. Basi ni uzembe wa mzee tu! Gaspari Mloka alikuwa mwalimu wake. Ndiye aliyemwokota kwenye kwaya na kumfundisha kazi, na alijulikana kwa kudharau kila fomu na kila mashine inayouliza maswali. Alikuwa amestaafu, akahamia Mgeta kulima kabichi. Tunu akampigia, na simu ikaita mpaka ikachoka. Siku hizi mzee hakupokea simu. Alijibu kwa maandishi tu, tena kwa maneno mawili matatu. Tunu akatia kinasio cha mkononi, vipaza sauti na vifaa vya masikioni kwenye mkoba, akapanda gari la waya linalopita angani juu ya mabonde ya Uluguru.

Alimkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye tuta.

"Hodi, Mwalimu! Shikamoo!"

Mzee hakugeuka. Tunu akaita tena kwa nguvu, akaona labda ni ukungu na upepo. Alipozunguka na kusimama mbele yake, mzee akashtuka, kisha uso ukachanua.

"Tunu! Marahaba, mwanangu. Mbona umenijia kama mwizi?"

Waliingia ndani. Gaspari alivaa miwani minene ambayo Tunu hakuwahi kumwona nayo. Alichangamka, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mji, akajibu kila kitu barabara. Akamimina chai. Tunu akaanza kumweleza habari ya kionjo, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa, mpaka alipoinua kikombe na mvuke ukapanda na kuitanda miwani.

"Kwa hiyo ukivaa kofia leo," Tunu alikuwa akisema, "nitaumaliza wimbo jioni hii hii."

Gaspari aliweka kikombe chini. Akaivua miwani haraka, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Rudia," alisema. "Rudia ulichosema."

Ndipo Tunu alipoona, kwenye ukingo wa kioo, mstari mdogo wa maandishi yanayopita. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakiandikwa pale kadiri alivyoyasema.

"Mwalimu," aliuliza polepole. "Husikii?"

Mzee aliyasoma maneno hayo, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nasikia radi. Nasikia lori likipita. Wewe nakusoma."

"Tangu lini?"

"Ilianza baada ya ile miezi mitatu ya kofia. Kwanza ndege wakapotea, nikadhani wamehama. Kisha matoazi. Kisha watoto wadogo. Daktari anasema ni umri. Mimi najua ni ile milio, lakini kampuni nitaishtaki kwa ushahidi gani? Hospitali walitaka kuniwekea kichwani kifaa cha kusikilizia. Nikakataa. Sikutaka kusikia muziki kama mashine inavyousikia."

"Lakini kazi nilizokutumia mwaka jana na mwaka juzi... Ulinijibu zimekaa vizuri. Zote!"

Gaspari akatazama pembeni. "Ningekujibu nini? Ulikuwa unangoja kwa hamu. Na kazi yako sikuwa na shaka nayo."

Maneno hayo yalimchoma Tunu. Kila aliposoma "imekaa vizuri" alikuwa akitembea siku nzima kifua mbele. Alimkasirikia mzee. Kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa na sikio la mtu huyu ukutani kila siku na hakuwahi kupanda mlima kumjulia hali. Alikuwa na nakala. Mwenyewe alimhitaji wa nini?

"Basi jitoe," alisema hatimaye. "Ukijitoa kitaonekana kama kilivyokuwa. Sikio lako la zamani, zima. Bi Kuruthumu atapata wimbo wake."

"Na mimi?"

"Wewe... jina lako litabaki."

"Jina litabaki, waliweke kwenye matangazo ya sabuni, na watu waseme Gaspari kasikiliza." Mzee alisimama, akafungua kabati, akatoa kofia ya usikivu aliyopewa na kampuni kwa vipimo vya kila mwaka, imejaa vumbi. "Kuruthumu kakwambia nini hasa? Sema maneno yake."

Tunu akayarudia yote, pole pole, miwani iyaandike.

"Kasema mimi nisikilize," alisema Gaspari. "Hakusema mashine. Kama wanataka sikio langu, wachukue lililopo."

Tunu akajaribu kumzuia. Akamweleza kwamba kipimo kikishapita hakirudi nyuma, kwamba lile sikio kuu litafutika katika kila studio nchini. Mzee alikuwa ameshaivua miwani. Hakusoma tena neno lolote, akavaa kofia, akafumba macho.

Kofia ilipozima taa zake, kinasio cha mkononi kikalia. Sikio la Gaspari lilikuwa limejipanga kwenye kioo, na rangi yake ile ile, kama vile halikuwahi kuondoka. Tunu akavaa vifaa vya masikioni, akakiweka kionjo juu ya wimbo wa Bi Kuruthumu.

Alisikia kama mtu aliyezamishwa kwenye pipa la maji. Matoazi hayakuwepo. Magitaa yalikuwa mnong'ono. Tarumbeta, fahari ya bendi, zilikuwa zimekwenda na maji. Chini kabisa ngoma kubwa ilidunda, na juu yake palipita kitu kama sauti ya mama, bila neno hata moja la kushika. Tunu akalia. Alilia waziwazi, na mzee akamwacha, akaenda kuchochea moto.

Alipomaliza kulia akafanya jambo ambalo kionjo hai hakikutengenezwa kwa ajili yake. Hakukiachia kiupange wimbo. Alikiacha masikioni mwake akaupanga yeye, ili asikie kama mzee anavyosikia. Akayaondoa matoazi, maana kwa mzee hayakuwepo kabisa. Akaondoa tarumbeta moja, kisha zote. Magitaa akabakisha moja, lile la chini. Akamshusha mpiga besi mahali alipomfunika mama. Ugonjwa ulikuwa umeifanya sauti ya Bi Kuruthumu kuwa nzito na ya kukwaruza, na Tunu, ambaye wiki nzima alipanga kuificha kasoro hiyo, sasa akaona ndiyo iliyokuwa ikipenya. Akaipandisha. Neno la kwanza likajitokeza kwenye ukungu, kisha la pili. Mchana ukapita, chai ikapoa mara kadhaa, na beti zote zikasimama.

Akamgusa mzee begani, akamkalisha kati ya vipaza sauti viwili, akaichukua miwani na kuishika mkononi mwake. Akawasha.

Gaspari alikaa ameinamisha kichwa. Ubeti wa kwanza ulipita na hakutikisika. Katikati ya wimbo kidole cha mzee kikaanza kugonga goti, kidogo, halafu kikaacha. Wimbo ulipokwisha akanyoosha mkono, akadai miwani yake.

"Kachelewa kuingia ubeti wa pili," alisema.

Tunu akakishika kinasio ili ausogeze ubeti.

"Usimrekebishe. Acha hivyo hivyo. Mpelekee."

Gari la waya lilipokuwa likiteremka, simu ya Tunu ilijaa malalamiko. Mafundi wa Arusha, wa Tanga, wa Mbeya, wote walikuwa wakimuuliza mwenzao wa Morogoro kama naye Sikio la Gaspari limemharibikia, maana limerudi ukutani lakini linafukia nyimbo zao matopeni. Wengine walishaanza kulifuta na kulichomeka upya. Tunu akawaandikia wote jibu moja: halijaharibika, ndivyo mwenyewe anavyosikia sasa, na anakaa Mgeta kama kuna anayetaka kwenda kumsalimia. Hakuna aliyejibu haraka.

Hospitalini Bi Kuruthumu alikuwa ameketi kitandani, shingo yake ikiwa imeshachorwa kwa wino mahali pa kukatwa. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Haukuwa na tarumbeta, haukuwa na mng'aro, na Tunu aliyekaa ukingoni mwa kitanda alikuwa ameshaandaa maelezo marefu.

"Umeuvua nguo wimbo wangu," mama alisema. Sauti ilimtoka kwa shida. "Gaspari kausikiliza?"

"Kausikiliza, mama."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwa mbele yake."

"Kasemaje?"

Tunu akautazama ule wino shingoni. Mtu anakatwa koo kesho, unampelekea lawama? Lakini alikuwa amechoka na majibu ya kumfurahisha mtu.

"Kasema umechelewa kuingia ubeti wa pili."

Bi Kuruthumu akacheka. Alicheka mpaka akashika koo kwa maumivu, mpaka nesi akachungulia mlangoni, na machozi yakawa yanamtiririka, bado anacheka.

"Arobaini!" alisema alipopata pumzi. "Miaka arobaini ananiambia hivyo hivyo! Basi kanisikia." Akamrudishia Tunu vifaa vya masikioni, akavuta shuka mpaka kifuani. "Niwashie tena, mwanangu. Nataka nilale nao."