Sauti ya Nne Chumbani kwa Zubery

Chumbani walikuwamo watu watatu. Wa kwanza, Zubery bin Ngolo, mwenye nyumba, aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma. Wa pili, Hadia binti Zubery, mwanawe wa pekee, aliyetoka Dar es Salaam na kamera yake kuja kumpiga baba yake filamu ya makala. Wa tatu, Telesphor Isidori, fundi redio wa Ilembo. Hakuwapo mwingine. Mlango ulifungwa kwa komeo ili kelele za bodaboda za Kawajense zisiingie.

Hadia alimtaka kila mmoja ataje jina lake, apate kupima sauti. Wakataja. Akavaa visikilizio, akarudisha rekodi nyuma, kisha akakunja uso.

"Nani ametaja jina la nne?"

"La nne lipi?" akauliza Telesphor. "Labda mojawapo ya makabati ya mzee limejitambulisha."

Zubery akacheka kidogo. Makabati hayo yalikuwa kumi na moja: mashine za zamani za gemu, za kutumbukiza sarafu, zenye vioo na vijiti vya kuchezea. Alizikusanya kwa miaka ishirini katika kumbi zilizofungwa, toka Tabora hadi Mpimbwe. Ya mwisho, ya mbio za magari, aliitoa Katumba, ilikofungiwa ghalani pamoja na magunia ya tumbaku. Tangu mkewe Raya afe, Zubery aliipangusa kila asubuhi huku akiizungumzisha, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Hadia akampa visikilizio. Baada ya jina la Telesphor ilisikika sauti ya mwanamke, karibu mno, kana kwamba midomo imegusa kinasa sauti: "Raya binti Sefu."

Chumba kikanuka tumbaku mbichi.

"Ni Mama," Hadia akanong'ona.

Kesho yake, Alhamisi, akaitwa Maalimu Abuu. Akaizunguka mashine ya Katumba, akaiwekea kiganja, akakiondoa upesi.

"Huyu si Raya," akasema kwa sauti ya chini. "Raya yuko kaburini, mwacheni apumzike. Huyu ni jini wa ukumbi. Alizoea watu, watu wakaondoka. Nitasoma siku saba, ya nane mashine itoke. Ila mzee, akikuita usiitike. Ukiitika umempokea awe mtu wa nyumba, naye akishapokelewa hupunguza waliopo."

"Nyumbani hapa niko peke yangu, Maalimu."

"Unaye mtoto."



Jumapili Hadia alitakiwa kazini. Alimbembeleza baba yake wafuatane.

"Baba, twende tu. Nyie wazee mnapenda kubaki mkibishana na kuta."

"Siku saba zikiisha nakuja."

"Na ukiitwa?"

"Nitanyamaza, mwanangu. Nimeshazoea kunyamaza."

Akamsindikiza hadi stendi, akarudi kwa miguu, akachemsha chai, akatoa vikombe viwili kabatini, kisha akakirudisha kimoja.

Jumanne, siku ya sita, Maalimu alisoma akaondoka. Alasiri mvua ikanyesha na umeme ukakatika mtaa mzima. Zubery alikuwa kitini, miguu imefunikwa shuka, aliposikia kijiti cha mashine ya Katumba kikigeuzwa kulia, kisha kushoto. Kioo kikawaka hafifu bila umeme, na ile harufu ya tumbaku mbichi ikapanda toka sakafuni, ikamfika magotini, kifuani, puani, na ndani ya harufu hiyo ikaja sauti ya Raya, ileile ya asubuhi za baridi, ikimwita, "Zubery," naye akajua kabisa si yeye, kwa kuwa Raya, toka alipozaliwa Hadia hadi siku ya kufa kwake, hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, alimwita Baba Hadia tu, mbele za watu na faraghani. Akajua, akaukamata mkono wa kiti, akauma mdomo, nayo sauti ikamwita tena, kwa upole zaidi, kama mtu aliyekuwa akimtafuta vyumba vyote, na Zubery akakumbuka kuwa tangu Jumapili hakuna aliyemwita kwa lolote ila kwa kumsomea.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo.

"Naam," akasema.

Hadia binti Zubery alifariki Dar es Salaam siku hiyohiyo ya Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri.