Kalamu ya Zambarau

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua yaliyofumbatwa vifuani kabla ndimi hazijayatamka, naianza habari ya mauti yaliyotokea mchana kweupe, kisiwani Krete, mbele ya sahani zilizojaa.

Aliyekufa ni Hanneke Terpstra, Mholanzi, mama wa watoto watatu. Alilala chali baina ya meza mbili, midomo imevimba, shingo imejaa mabaka mekundu, na kiganja kimoja bado kimeng'ang'ania kitambaa cha meza. Waliomzunguka walikuwa hawa: mumewe Wouter, mtu mrefu aliyebabuka mabega kwa jua, Liesbeth, dada wa marehemu, aliyekuwa akipiga mayowe, pacha wa miaka miwili, wamefungwa mikanda katika kigari chao, na Fenna, binti wa miaka sita, aliyejikunyata chini ya meza na kukataa kutoka. Mlangoni pa jiko, mikono kiunoni, alisimama mwenye mgahawa, ambaye ndiye pia mpishi, bibi Evanthia; bandari nzima humwita Shangazi.

Mkaguzi Manousos Vlontakis alikuwa bado hajavua miwani ya jua pale Liesbeth alipomrukia.

"Mkamateni huyo! Ndiye muuaji!"

"Muuaji mamako!" Shangazi Evanthia alijibu kwa Kigiriki. "Manousos, mwambie huyo kamba wa kuchemshwa afunge bakuli lake! Wanakuja nusu uchi, watoto wao wanamwaga mchanga hadi kwenye sufuria zangu, halafu wananitukana nyumbani kwangu?"

"Shangazi, heshima. Hapa pana maiti."

"Na mimi nina jina! Nalo litakuwa maiti kabla ya jioni."

Daktari wa polisi alisimama, akajipangusa magoti. "Mzio. Njia ya hewa imefunga. Mumewe anasema alikuwa na mzio wa lozi."

"Na lozi zilikuwa wapi?"

Daktari alionyesha bakuli la sosi nyeupe ya vitunguu saumu, iliyoletwa pamoja na samaki wa kukaanga. Zilikuwa zimetwangwa humo hadi zikalainika. Jicho lisingeziona, na ukali wa vitunguu saumu ulikuwa umeifunika ladha yake.

Mkaguzi akamketisha Liesbeth pembeni. Walizungumza Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

"Nani aliagiza chakula?"

"Shemeji."

"Aliuliza habari ya lozi?"

"Mbele yetu sote! Alishika bakuli, akamuuliza huyo bibi, kwa Kiingereza chepesi cha mezani, kama mna lozi. Akasema hapana. Mara mbili alisema!"

"Alitumia neno gani hasa? Litamke kama ulivyolisikia."

"Ne. Alisema ne, ne."

Mkaguzi alifumba macho kidogo. "Na kwenu Uholanzi, ne ni nini?"

"Ni hapana! Kuna mtu asiyejua?"

"Kwetu, bibie, ni ndiyo."

 Shangazi Evanthia, alipofasiriwa maneno hayo, aliketi juu ya kreti ya soda, na hasira yote ikamtoka.

"Nilimwambia ndiyo," alinong'ona. "Hata nilifurahi, Manousos. Nilidhani anazipenda."

Mwendesha mashtaka, kwa simu, hakutaka marefu. Mgeni hakuelewa lugha, mpishi hakudanganya. Ajali. Jalada lifungwe, maiti isafirishwe, na familia irudi kwao.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. "Mwenye mzio wa namna hii hatembei bila kalamu yake ya dawa. Ile ya kujichoma pajani. Ingemwokoa. Iko wapi?"

"Aliitafuta," Liesbeth alisema. "Aliingiza mkono mkobani, akatoa kitu, akakiangalia, kikamponyoka. Kisha akaanguka."

Sajini Argyro, msaidizi wa Mkaguzi, alivaa glavu na kupiga magoti. Karibu na mguu wa meza ilikuwepo kalamu, lakini si ya dawa. Ilikuwa kalamu ya rangi ya watoto, nene, ya zambarau. Alipoitia ndani ya kifuko cha dawa kilichokuwa mkobani mwa marehemu, ilienea sawasawa. Mtu angeweza kukipapasa kifuko kile kutwa nzima asishuku lolote.

Wouter alishusha pumzi. "Ya Fenna hiyo. Kila siku huchezea mkoba wa mama yake. Ameibadilisha bila kujua. Msimlaumu, jamani. Ni mtoto."

Kisha, bila kuulizwa, aliyarudia kwa Kiholanzi, kwa sauti iliyofika chini ya meza. Fenna aliziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini umemwambia?" Liesbeth alimgeukia. "Wouter, una wazimu? Kwa nini umwambie?"

"Atajua tu siku moja."

Mkaguzi alikiona kisigino kidogo chini ya kitambaa, kina mchanga uliokauka. Akatambua uzito wa saini aliyokuwa akiombwa. Jalada lile likifungwa, mpishi angesamehewa na lugha ingelaumiwa; lakini binti wa miaka sita angerudi kwao akiamini kwamba amemuua mama yake, na hakuna mahakama duniani ambayo ingempa nafasi ya kukata rufaa.

Alirudi kwa Liesbeth. "Kalamu hii ilipotea lini?"

"Leo asubuhi. Aliililia mpaka majirani hotelini wakagonga ukuta. Tulipindua vitanda."

"Kama aliitia mkobani mwenyewe, kwa nini aliililia?"

Liesbeth aligeuka kuitazama meza aliyojificha mtoto.

"Na huku juu mlifikaje? Bandarini kuna migahawa tele yenye picha za vyakula."

"Muulize shemeji! Mimi nilitaka tule hotelini. Yeye akatupandisha ngazi zote hizi, jua la utosi, mimi nakivuta kigari kama punda, Hanneke ananiambia nyamaza, nyamaza, ni safari yetu ya mwisho pamoja."

"Ya mwisho?"

Liesbeth aliuma mdomo. "Walikuwa wanaachana. Hanneke alimwambia usiku tuliofika. Watoto wangebaki kwake."

Mkaguzi alitazama ukutani. Chakula cha siku kilikuwa kimeandikwa kwa chaki ubaoni, Kigiriki kitupu. Mstari wa tatu ulisema: samaki, na sosi ya vitunguu saumu na lozi.

Alimwita Wouter katika chumba cha nyuma, penye dirisha linalotazama ngazi. Argyro akasimama dirishani.

"Kigiriki unakijua?"

"Hata salamu."

"Mgahawa huu uliuchaguaje?"

"Kwa kubahatisha. Una kivuli."

"Uliagizaje? Ubao huo hausomeki kwa mgeni."

"Nilionyesha kidole, nikasubiri kitakachokuja. Afande, mke wangu hajapoa bado, na wewe unaniuliza habari za ubao?"

"Mligombana?"

"Una watoto, afande? Umewahi kupanda ndege na watatu, mmoja anatapika, mmoja analia, mmoja anauliza lini tutafika? Kila mtu hugombana."

"Umewahi kufika Krete kabla ya safari hii?"

Wouter hakujibu kwa neno. Alirusha kidevu juu, nyusi zikapanda, na ulimi wake ukagonga kaakaa: tsk.

 Hivyo ndivyo baba yake Mkaguzi alivyokuwa akikataa, na muuza samaki, na kasisi, na kila mtoto wa kisiwa anayeombwa kwenda dukani. Mgeni hutikisa kichwa kulia na kushoto. Na akionyeshwa ishara ile hudhani amekubaliwa. Haifundishwi vitabuni. Humwingia mtu kwa kuishi na watu, miezi na miezi, mpaka shingo imsaliti mwenyewe.

Mkaguzi alipiga mwayo. Akamwambia Argyro kwa Kigiriki, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa: "Kile kigari cha watoto kimeachia breki. Kinateremka kwenye ngazi."

Kiti cha Wouter kilianguka kabla sentensi haijaisha. Alimsukuma sajini, akauvamia ukingo wa dirisha. Nje, kigari kilikuwa kimetulia kivulini, pacha wamelala, mkono wa Liesbeth uko juu ya mpini.

Mkaguzi aliona haya kwa hila aliyoitumia, lakini hakuijutia.

"Keti," alimwambia kwa Kigiriki. "Hata salamu, ulisema."

Wouter aliuachia ukingo wa dirisha. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Unyonge wa mfiwa ulikuwa umekwisha, ikabaki chuki tupu.

"Majira mawili ya kiangazi," alisema, naye sasa kwa Kigiriki, kilichovunjika lakini cha jikoni hasa. "Nikiosha sufuria, upande wa kusini. Nikitwanga lozi hizo hizo. Nilikuwa na mwanamke huko, kabla ya Hanneke. Sikumwambia kamwe."

"Ukamtumia mpishi."

"Nilijua atasema ne. Nilijua watasikia nee, hapana ya kwetu. Sikulazimika kusema uongo hata mara moja."

"Na dawa?"

"Nyuma ya mawe ya kuzuia mawimbi, pale tulipoogelea."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Aliucheka ukuta. "Angenipa watoto wangu siku za mapumziko tu, kama nguo za kuazima! Nimewabeba, nimewaosha, nimekesha nao. Akaniambia amekwisha kuamua, huku anakula aiskrimu. Watoto ni wangu!"

"Ni wako," Mkaguzi alisema taratibu. "Ndiyo maana mmoja wao ukambebesha maiti ya mama yake?"

"Ni mdogo. Angesahau."

"Wewe umeisahau shingo yako kwa miaka mingapi? Na bado imekumbuka."

 Argyro akamtia pingu. Kalamu ya dawa ilipatikana pale pale alipotaja, imenasa kati ya mawe mawili, haijatumika.

Alipopitishwa uani, Liesbeth hakupiga mayowe tena. Alimtemea mate kiatuni, akamgeuzia mgongo, akavuta kivuli cha kigari kiwafunike pacha. Shangazi Evanthia alikuwa amekaa sakafuni mbele ya meza ile, magoti yake mazee yamekunjwa, anasogeza kipande cha tikiti maji chini ya kitambaa. Hapakuwa na neno ambalo yeye na mtoto wangeelewana. Kipande kilikuwa kimeshaumwa mara moja.

Mkaguzi alichutama. Liesbeth akafasiri.

"Fenna, kalamu yako iliibwa. Mtu mzima aliichukua ulipokuwa umelala. Nimemjua, nami nimemkamata."

Sauti ndogo ikatoka gizani. Liesbeth alishindwa kuifasiri mara ya kwanza, akajaribu tena. "Anauliza: kwa hiyo si mimi?"

Kidevu cha Mkaguzi kilikuwa kimeshaanza kupanda, kama cha baba yake, kama cha watu wake wote. Akakizuia. Kisha, polepole, ili asije akaeleweka vibaya, akatikisa kichwa kulia na kushoto, kama wanavyofanya kwao mtoto yule.

Kitambaa kikainuka. Fenna akatoka.

Ewe Mola, Mwenye kuzisikia lugha zote bila mkalimani, mrehemu Hanneke katika safari yake ya pekee. Walinde wanawe watatu na kila mkono utakaowashika. Mpe Liesbeth subira ya kuwalea na ulimi mwepesi wa kuwafariji. Muondolee yule mpishi uzito wa neno alilolitamka kwa wema. Na waliobaki, popote walipo, wajaalie waelewane. Amina.