Jina Katikati ya Majani

Siku ya kuamkia Idi, duka la hina la Mwanasiti pale Majengo halikuwa na pa kukanyaga. Wanawake walijaa mpaka mlangoni, mikono juu, wakipuliza vidole, na katikati yao mwanamume mmoja tu: Hanif, kijana wa Kayole aliyemleta dadake Yumna. Badala ya kungoja nje kama wenzake wenye haya, alikuwa ameinama karibu na koni ya hina utadhani anataka kuionja.

"Unajuaje pa kwenda jani likiisha?" akauliza.

Mwanasiti, ndani ya dera la zambarau, ushungi kausukuma nyuma kwa joto, hakuinua kichwa. "Kaka, umekuja kupakwa au kukagua?"

Wanawake walicheka. Hanif wala hakuona aibu, na huo ndio ugonjwa wa watu wa kompyuta: kitu kikiwawasha akilini, hawatulii. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na siku hiyo aliona kwamba mchoro wa hina una amri zake. Anza kifundoni, panda, jani, jani, ua, rudia mpaka ncha ya kidole. Akamweleza Mwanasiti kuwa angeweza kuunda lugha ndogo ya kompyuta, si zile kubwa za kujengea kila kitu, bali ya kazi hii moja. Mchora hina ataandika maneno yake ya kila siku, na kompyuta itamwonyesha mteja mchoro juu ya picha ya mkono wake kabla hajapakwa. Mwanasiti akataka kujua mtu mmoja anaundaje lugha. Hanif akasema mtu mmoja haundi, na ndiyo sababu alikuwa anaomba namba yake ya simu.

Haya, namba ikatolewa. Hanif alipiga kuuliza kama michoro ya mzabibu na wimbi ni amri moja au mbili. Bibiye alipiga kuuliza kwa nini kompyuta inune kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika. Hanif akaiondoa ile nukta katika lugha nzima, kisa Mwanasiti haipendi. Sasa nyinyi mnaojua mapenzi, hebu niambieni, hilo kama si penzi ni nini? Lakini kusema, hakusema. Alimwita "mwalimu wangu", naye akaitwa "fundi wangu", kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Kuna desturi mnaijua: bibi harusi hufichiwa jina la bwana harusi, au herufi yake tu, katikati ya majani ya kiganja, bwana alitafute mwenyewe. Hanif aliitia hiyo pia katika lugha yake, ikawa amri ya jina.

Alasiri moja akafungua michoro aliyoiandika Mwanasiti, akaukuta mpya unaoitwa "Mkono wangu". Kiganja cha bibi harusi, kizuri kupita vyote. Na katikati ya majani, herufi Z.

Moyo ukamshuka. Akamkumbuka Zaid, muuza vitambaa wa mlango wa pili, ambaye Hanif alizoea kumkuta pale dukani akileta chai. Akafunga kompyuta. Mwanasiti alipiga simu, haikushikwa, akapiga tena. Mwishowe Hanif akamtumia ujumbe: Hongera. Kazi imekwisha, hunihitaji tena.

Kumbe alimjua kwa hina tu, hasira zake hakuzijua. Mwanasiti alifunga duka wateja wakimtazama, akavaa buibui lake jeusi, na kabla ya magharibi alikuwa sebuleni kwa kina Hanif, Kayole, Yumna akijifanya ana kazi jikoni.

"Hongera ya nini, Hanif?"

"Ya ndoa yako na Zaid. Nimeiona Z kiganjani."

"Zaid ana mke, na huyo mke ndiye anayepika hiyo chai. Na mimi sikuandika Z. Fungua, nionyeshe nilipoiandika."

Akafungua. Maneno yake yote yalikuwepo, jani, ua, rudia, kisha amri ya jina, na mbele yake patupu. Hanif akatazama, akakumbuka. Siku alipokuwa akiijaribu amri ile, aliiambia kompyuta kwamba mwandishi asipotaja jina, ijaze Z yenyewe isije ikakwama. Halafu akasahau. Wivu wote ule ni kwa herufi aliyoiweka kwa mkono wake.

Akamweleza. Kisha akauliza mbona hakuandika jina.

"Ningeandika la nani?" Machozi yalikuwa yamemlenga. "Mwenyewe hajasema kitu. Nimemwachia nafasi yake, naye ananipa hongera."

Hanif akaifuta amri ya Z pale pale. Mchoro ukagoma, kioo kikauliza: Jina la bwana harusi? Akamsogezea kompyuta. Mwanasiti akairudisha.

"Siandiki mpaka nisikie kwa mdomo wako."

"Nakupenda, Mwanasiti. Muda wote huu nimekuwa naogopa tu. Nataka nikuoe."

Jikoni vyombo vikaacha kulia. Mwanasiti akapangusa macho kwa ncha ya ushungi, akamwambia awatume wazee wake Majengo kuposa Ijumaa baada ya swala, na wasije na kompyuta, babake hataielewa. Halafu akaivuta mashine kwake, akaandika Hanif, jina zima, wala hakulificha.