Kibali cha Masjala ya Zamani

Fomu ya masjala ya zamani ilirudi ya kwanza, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu. Katika shirika lile hakuna aliyejaza fomu bila kubembelezwa. Mhasibu alisema ameipoteza, bosi akasema ataiona kesho, lakini ya masjala ilikuwa mezani kwa fundi wa kompyuta kabla chai yake haijapoa, mwandiko safi, haina hata doa. Karatasi ilinuka kama nguo iliyoanikwa ndani ikakosa jua. Fundi akafurahi, maskini.

Ilikuwa mara ya kwanza kompyuta zote za shirika kusasishwa kwa pamoja, ili kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Kila mashine ingezimika na kuwaka upya, kwa hiyo kila mtumiaji aliulizwa: saa ngapi inakufaa, na mashine ikizimwa utahamia wapi? Fomu zilipotimia thelathini na sita, fundi alikuwa hoi. Akazigonga mhuri na kuzitia saini zote bila kuzisoma, kisha akapanga waanze majaribio na masjala, saa nane mchana, maana aliyerudisha fomu haraka hivyo hangelalamika.

Saa nane kasoro dakika chache, tarishi alisimama mlangoni. Mzee huyu haishiwi utani, lakini siku hiyo hata tabasamu hakuwa nalo.

"Fundi, fomu ya masjala ya zamani ulimpa nani?"

"Si wewe uliyezigawa?"

"Kule sikwenda. Tangu karani wake afie kwenye kiti, mlango una kufuli, na ile kompyuta haizimwi." Akashusha sauti. "Mganga aliyeletwa alituambia kilichomo kimetulia. Tukiache kilipo."

Fundi akaitafuta fomu kwenye rundo. *Utahamia wapi?* Jibu lilikuwa moja: *Nyumbani kwa fundi, chumba cha mtoto.* Chini yake mhuri, na saini yake mwenyewe.

"Mama yangu," akanong'ona. Binti yake wa miaka minne alikuwa nyumbani na bibi yake, na saa hizo huwa amelala.

Alijaribu kusitisha amri, skrini ikamjibu kwamba kazi imeshaanza. Akashuka ngazi mbio, tarishi nyuma yake na funguo mkononi, na kadiri walivyoukaribia mlango ndivyo ile harufu ya unyevu ilivyozidi, na ndani ya chumba kisicho na mtu wakasikia kibodi ikichapwa, taratibu, kama mtu anayemalizia kazi kabla ya kufunga ofisi, kisha droo ikafunguliwa, ikafungwa, kiti kikasukumwa nyuma, nyayo zikaja hadi mlangoni zikasimama upande wa pili wa ubao, mkabala na fundi, na mwanga uliokuwa ukipenya chini ya mlango ukazimika.

Kufuli likaanguka lenyewe, mlango ukafunguka. Kitu cha baridi kikampita begani, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia.

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Chumbani." Bibi alikuwa ananong'ona. "Mwanangu, mbona hukusema una mgeni? Nimemkatalia mlangoni, akanionyesha karatasi ina saini yako. Nikamwacha apite."

"Mtoe mtoto humo, mama. Sasa hivi."

"Naogopa. Wanazungumza."

Masjalani kompyuta ilikuwa imewaka tena, skrini nyeupe, imesasishwa vizuri kabisa.

"Mwambie mashine yake iko tayari," fundi alisema huku analia. "Mwambie arudi."

Akasikia mlango ukisukumwa.

"Mgeni simwoni," bibi alisema. "Mtoto yuko peke yake, amekaa kitandani."

Fundi akashusha pumzi kwa shukrani.

"Mpe simu."

"Haloo, fundi," binti yake akasema. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita hivyo.