Kola ya Ovaroli ya Winnie

Kwanza mjue, mimi Jodie Pargeter sitishiki ovyo. Shule niliiacha nina miaka kumi na sita, mwalimu akinitabiria kukaanga chipsi maisha yangu yote. Leo hakuna mtu Coventry nzima, hapa Uingereza, anayenishinda kushona ovaroli ya wakati wa vita. Anayebisha alete cherehani yake.

Mwaka ule wa 1995, Vita Kuu ya Pili ilikuwa imetimiza miaka hamsini tangu kwisha. Kikundi chetu cha kuadhimisha historia kilitaka kuwavika wanawake thelathini kama wale wasichana waliounda ndege za kivita. Siyo nguo za maigizo, hapana. Kitambaa kile kile, mishono ile ile, vifungo vya mpira ili visikwaruze bati la ndege. Nilikosa kitu kimoja tu: ovaroli halisi ya kunakili.

Ndipo Bibi Enid akanipigia simu. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nina miaka minne.

"Ninayo moja darini," akasema. "Njoo kabla giza halijaingia."

Nikafika jua linazama. Bibi alikuwa amekwisha kuifunga kwa karatasi ya kaki.

"Ilikuwa yako?" nikamuuliza. "Maana kwa kiuno hiki chako, Bibi, ovaroli ingeomba msaada."

Hakucheka. Bibi yangu, ambaye hucheka hata msibani.

"Ya Winnie. Tulisimama naye mashine moja kiwandani, kwenye ndege."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Kunywa chai yako, mdomo wako mrefu." Akaniwekea mkono kichwani. "Ivae kwanza, ndipo upime. Nguo haijulikani kwa macho. Lakini usiifumue. Hata uzi mmoja. Niapie."

Nikaapa. Kwani kitu gani? Sisi tunaonakili nguo za kale hatufumui. Tunapachika pini juu ya mshono na kuchora.

Chumba changu cha kushonea kiko umbali wa robo saa kutoka kwake. Nikafika, nikawasha taa, nikaivaa.

Ikanikaa kama niliyepimiwa.

Nikajitazama kwenye kioo, nikajigeuza, nikajisifu. Kisha nikasikia harufu. Mafuta ya mashine... na kitu kingine. Nywele zilizoungua.

Nikasema moyoni, dawa ya nondo hiyo.

Halafu sauti. Mbali kidogo. Nnnnnn... Kama mashine ya kutobolea bati. Karakana zote za mtaa ule zilikwisha kufungwa saa kumi na moja.

Kola ikaanza kunibana. Nikaingiza kidole. Haikulegea.

Ndipo mtu akanishika nywele kwa nyuma.

Polepole. Kama mama anayezipima uzito.

"Kofia yangu..." sauti ikanong'ona sikioni. "Kofia yangu nani kaichukua?"

Kwenye kioo nilikuwa peke yangu. Lakini nywele zangu zilikuwa zimenyooka nyuma yangu, hewani, kama kamba inayovutwa.

Nilivyoivua sijui. Kifungo kimoja kilirukia dirishani. Nikaitupa mezani, nikabaki natweta, mimi nisiyetishika.

Mwingine angekimbia. Mimi nikachukua kiberiti. Kazini kwetu ndivyo tunavyoijua nguo ya kale na ya bandia: unakata ncha ya uzi inayoning'inia, unaiunguza. Kama mtu ananichezea, nitamjua. Uzi wa ubavuni ukawaka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Pamba. Ya kale kweli. Uzi wa mkono, majivu. Uzi wa mguu, majivu.

Uzi wa kola ukayeyuka.

Ukajikunja, ukawa katone keusi kagumu, ukinuka plastiki. Uzi wa namna hiyo haukuwako wakati wa vita. Kola ile ilikuwa imefumuliwa na kushonwa tena, na kwa ung'avu wa uzi, juzijuzi tu.

Kiapo kikafa pale pale. Nikaifumua.

Ndani mlikuwa na msuko, mwembamba kama utambi. Nywele za watu wawili zimesukwa pamoja. Za mmoja rangi ya kahawia, mizizi yake imeshikamana na kipande cha ngozi kikavu. Za mwingine nyekundu ya shaba.

Zangu.

Anayenichana kila Jumapili ni mtu mmoja duniani.

Nikaurudisha msuko ndani ya kola, zangu nimezichomoa zote, unywele mmoja mmoja. Nikarudi mbio. Nyumba ya Bibi ilikuwa giza. Nikagonga, nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Nikapiga magoti kwenye tundu la barua mlangoni.

"Bibi."

Nikasikia pumzi zake, karibu kabisa.

"Uliivaa?" akanong'ona.

"Nimeifumua."

Akaguna kama mtu aliyechomwa.

"Nilisahau kofia nyumbani siku ile," akasema. "Bila kofia nyapara anakufukuza. Nikaazima ya Winnie. Dakika tano tu, nilimwambia. Mashine ikazinasa nywele zake... Walipouliza, nikasema mwenyewe aliivua kwa maringo. Wakaandika hivyo. Akazikwa na maneno hayo."

"Na mimi nimekosa nini?"

"Huja kila jioni, Jodie. Miaka hamsini na miwili. Anataka kichwa. Nimezeeka, nimechoka kumsikia."

"Ukamtafutia changu."

"Wewe ndiye mwenye nywele."

Hivyo tu. Kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniimbia nilale.

Nikaisokomeza ovaroli kwenye tundu, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu. "Shika mali yako, Bibi."

"Usiiache humu! Jodie! Mjukuu wangu, itoe!"

Nnnnnn...

Safari hii haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya mlango.

Nikasikia viti vikianguka. Nikasikia kucha zikilitafuta komeo, zikiteleza. Akaniita. Akaniita tena, kwa jina la utotoni ambalo hakuna anayelijua ila yeye na mimi.

Nikasimama pale nikihesabu matofali ya ukuta.

Majirani walivunja mlango. Bibi alikuwa sakafuni, hai bado, macho yamekodoka, kichwa kitupu kama yai. Alikufa hospitalini alfajiri. Ovaroli haikuonekana.

Polisi akaniuliza kwa nini sikuingia kumsaidia.

"Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani," nikamwambia. "Sikuwa na njia."

Akaandika hivyo.

Komeo lilikuwako, sikudanganya. Ila ufunguo wa mlango wa nyuma nilikuwa nao mfukoni tangu mwanzo.

Sherehe zilipita, ovaroli thelathini nilizishona kwa kukumbuka tu, na watu wakazisifu. Nywele nimezinyoa. Haikusaidia. Jioni, nikizima cherehani, muungurumo wake haukomi mara moja. Halafu huja sauti, taratibu, ikiuliza kofia. Na haiiti Jodie.

Inaniita Enid.