Miguu Minne ya Chuma

Skurubu nne zilikuwa zimesimamishwa sakafuni, mstari mmoja, vichwa chini na ncha juu. Ève alizikuta aliporudi na mtoto mgongoni kutoka shule alikofundisha, saa tisa mchana. Spika ya nyuma, iliyokuwa karibu na dirisha, ilikuwa imegeuka ikatazama ukuta.

"Papa Rachelle, mbona umefungula bafle?" alimuuliza mumewe alipoingia kutoka ofisini.

Amédée alishangaa. "Minyi? Minyi niliikaza asubuyi, weye mwenyewe uliona."

Kweli aliona. Yeye ndiye aliyemsumbua wiki nzima azikaze. Home theater ile Amédée aliileta kwa treni kutoka Lubumbashi, na kwa kuwa haikuja na miguu ya kusimamishia spika, alimwendea Maurice, mchomeleaji wa karibu na soko, akamtengenezea miguu minne ya chuma, mizito, iliyopakwa rangi nyeusi. Lakini binti yao Rachelle alikuwa na miezi kumi na moja, anajifunza kusimama kwa kushika chochote anachokifikia. Spika moja ikimwangukia, ni kilio. Ndiyo maana Ève alitaka kila spika ifungwe kwa skurubu juu ya mguu wake, na waya zote zipite nyuma ya kabati.

Amédée akazikaza upya. Kesho yake zilikuwa sakafuni tena, safari hii nane. Akatia boliti na nati, kisha akazungushia waya wa chuma, akausokota kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Siku iliyofuata waya ule ulikuwa umenyooshwa, umelazwa kwenye kochi. Na sebule nzima ilinuka udongo mbichi, wakati ulikuwa mwezi wa sita, na Kamina haikuwa imeona tone la mvua tangu mwezi wa nne.

"Kuko muntu anaingiaka humu," Ève alinong'ona.

"Mulango iko na funguo," Amédée alijibu, naye akinong'ona, ingawa ilikuwa mchana na majirani walikuwa wanatwanga muhogo nje.

Jumamosi Amédée alichukua betri ya sola kuipeleka kwa fundi, kwa hiyo nyumba haikuwa na umeme hata kidogo. Ève alikuwa jikoni anasonga bukari. Akamsikia Rachelle anacheka. Kicheko cha mtoto anayechezeshwa na mtu.

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akatembea polepole kwenye ukumbi mdogo, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi kumkaba, mpaka alipofika mlangoni mwa sebule akamwona mwanawe amelala kifudifudi, sikio lake limebanwa sakafuni kwenye kitako cha mguu wa chuma, anatulia, anasikiliza, anacheka tena, na juu yake spika ile isiyo na umeme ilikuwa inakwaruza, ikipumua kama mzee mwenye kifua kibovu, na katikati ya pumzi zile sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyechoka kungoja, ikasema:

"Mutoe jina yangu chini."

Ya pili ikaitikia kutoka pembe nyingine. Ya tatu. Ya nne. Ève hakujua alivyofika. Alimnyakua Rachelle kwa mkono mmoja, na kabla hajaufikia mlango, spika zote nne zilianguka kwa kishindo, si kila moja mahali pake, bali zote pale pale alipokuwa amelala mtoto.

Usiku huo walilala kwa jirani. Asubuhi Amédée alimleta kwa pikipiki shangazi yake, Tantine Mwadi, mkulima wa kijiji kimoja cha njia ya Kaniama, Mkatoliki wa rozari shingoni, ambaye ukoo mzima ulimwita wafu walipoanza kusumbua. Ève, binti wa mchungaji wa Methodisti, alikuwa amefundishwa kuyakataa mambo hayo. Siku ile ndiye aliyemfungulia mlango.

Tantine Mwadi hakuzigusa spika. Alinusa vyuma, akalaza mguu mmoja ubavuni, akaomba kisu cha jikoni. Akakwangua rangi upande wa chini wa kitako, ule unaokalia sakafu. Herufi zikatokea, zimechongwa kwa patasi: MUTEBA 1974.

"Muna bantu ine humu nyumba," alisema taratibu. "Hii haiko mguu, mwanangu. Hii njo musalaba ya kaburi. Walikata mikono yake, wakaifanya kitako. Munawakanyangia jina."

Amédée alikaa chini akashika kichwa.

Walipompelekea Maurice miguu ile, hakubisha. Alisema mtu alimletea vyuma vile kwa baiskeli, naye herufi aliziona, lakini chuma kilikuwa kizuri. Akaikata miguu na kuichomelea tena kuwa misalaba. Wote wakaenda makaburini, Ève akiwa na Rachelle mgongoni. Mlinzi wa makaburi aliwaonyesha mashimo ilimong'olewa misalaba, na Tantine Mwadi akaisimika mmoja mmoja, akimwita kila marehemu kwa jina lake kwa Kiluba, akimwomba alale. Kila aliposhindilia udongo, ile harufu ilipungua. Kwenye wa nne ilikwisha kabisa. Ève akalia kwa kushukuru.

"Bado moja," mlinzi alisema. "Walibeba tano. Ya tano ilikuwa kadogo, ya mutoto."

Wakamgeukia Maurice.

"Ile nilitengenezea kitanda ya bébé," alisema. "Mama moja alinunua. Akapanda nayo train ya Luena. Jina yake siyue."

Tantine Mwadi alipiga magoti kando ya kaburi la tano, lile fupi, akainama, akaweka sikio lake kwenye udongo. Aliponyanyua uso, Ève aliona kwa mara ya kwanza kwamba shangazi yule anaogopa.

"Humu hamuna muntu," alisema.