Beseni Kando ya Spika

Redio ilikuwa imezimwa, lakini spika ya kushoto iliendelea kuchakacha. Yahaya aliutazama waya wa umeme. Ulikuwa sakafuni, nje ya soketi.

Alidhani ni masikio ya uzee. Alikuwa karani mstaafu, akiishi peke yake Ipagala tangu mkewe, Mwanaidi, azikwe Kondoa. Sauti ya Mwanaidi ilibaki mahali pamoja: kwenye CD ya harusi ya binti yao, Mishi. Katikati ya vigelegele anasema, "Baba Mishi, njoo ule." Maneno manne. Yahaya aliyasikiliza kila alasiri, na kila wiki mikwaruzo iliyafunika zaidi.

"Shikamoo, mzee. Bado unapigana na hiyo redio?" aliuliza Anjelina, jirani yake, fundi wa vipaza sauti kwenye ukumbi wa sherehe.

"Marahaba. Dukani wanasema ninunue nyaya mpya."

"Wanataka kukula hela hao. Tenga waya wa umeme na nyaya za spika, zisilaliane. Pini zifute kwa spiriti. CD ifute kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Halafu kiangazi hiki cha Dodoma, hata blanketi linatoa cheche. Weka beseni la maji chumbani, vumbi lisigande."

"Wazi?"

"Sasa ukilifunika litasaidia nini, mzee?"

Mwanaidi asingekubali. Kwake chombo cha maji hakikulala wazi. Kila Magharibi alizunguka nyumba akifunika ndoo na kutaja jina la Mungu. Yahaya aliliweka beseni kando ya spika, akaliacha wazi.

Asubuhi lilikuwa kavu. Mikwaruzo ilikuwa imepungua. Akajaza tena.

Siku ya tatu chumba kilinuka udongo uliolowa, ingawa mvua zilikuwa bado miezi miwili, na sauti ya Mwanaidi ikatoka safi hadi bangili zake zikasikika. Yahaya akalia. Siku ya nne, baada ya yale maneno manne, wakati CD imekwisha kuzunguka na yeye ameshachomoa waya na kusimama na kitambaa mkononi, spika ilivuta pumzi, ikameza funda baada ya funda kama mtu anayekunywa bila kupumzika, kisha sauti ileile ya mkewe ikamwita, karibu kabisa na sikio lake: "Yahaya."

Alimleta Mwalimu Abdulwahab wa madrasa.

"Una hakika si yeye?" Mwalimu alinong'ona.

"Miaka thelathini na moja hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Baba Mishi."

Waliyasema hayo wakiwa wamesimama mbele ya spika.

Mwalimu alisoma hadi jasho likamtoka, akafunika beseni kwa sinia. "Huyu kaja kwa kiu," alisema. "Usiache maji wazi tena."

Kesho yake Yahaya aliweka CD. Mikwaruzo, mwanzo hadi mwisho. Vigelegele havikuwepo. Mwanaidi hakuwepo. Akampigia Mishi, simu iliita hadi ikakatika. Adhana ya Magharibi ikaanza, ikaisha, naye bado amekaa mbele ya sahani moja ya wali. Kisha akainuka, akaondoa sinia.

Hakuwasha redio.

"Baba Mishi," spika ikasema polepole, kama mtu anayejifunza jina. "Ongeza maji."

Yahaya akaenda kuchukua ndoo.